Ndagala za Mama Odeta

Jumapili ya pili ya Machi, Rumonge. Mvua inanyesha tangu asubuhi na ziwa limegeuka rangi ya udongo. Leo nitasema yote, hata yanayonitia aibu, kwa sababu nikiyaficha sitayaelewa.

Kila Jumamosi kikundi chetu cha vijana wa parokia hupeleka maharagwe yaliyopikwa kwa familia ambazo ziwa lilibomoa nyumba zao upande wa Minago. Sasa wanaishi kwenye mahema. Mimi humpelekea Mama Odeta. Sikuwahi kukutana na mtu wa namna yake: anacheka kwa sauti, anavuta tumbaku, ananiita "mwalimu" kwa sababu ya sketi yangu ya shule ya masista. Binti yake, Odeta, ametoka kuugua malaria, na maharagwe yetu ndiyo chakula pekee anachokimaliza.

Jana nilimpa bakuli lenye maharagwe, naye akanirudishia lile la wiki iliyopita. Lilikuwa zito. Ndani alikuwa ameweka ndagala wakavu, wale samaki wadogo, mpaka juu.

Nilifurahi. Halafu Dada Klarisa, kiongozi wetu, akaona.

"Tumekuja kutoa, hatukuja kuchukua. Watu hawa hawana kitu. Rudisha."

Nikarudisha.

Mama Odeta alidhani natania. "Mwalimu, kwenu munarudishaka bakuli ikiwa tupu?"

"Hapana, Mama. Ni sheria ya kikundi."

"Ao ndagala zangu zinanuka?"

Jirani yake akadakia kutoka hema la pili: "Mwache! Mutoto wa masista huyo, anaogopa kunuka samaki ku misa!"

Watu wakacheka. Mama Odeta hakucheka. Alimwaga ndagala kwenye kitambaa, akanipa mabakuli yote mawili, la maharagwe likiwa bado la moto.

"Murakoze, asanteni. Musituletee tena. Sisi si waombaji."

Odeta alikuwa ameshika kijiko.

Sijui nani alikosea. Dada Klarisa si mtu mbaya. Anaogopa kwamba tukianza kupokea, siku moja tutaanza kudai. Lakini hata mama yangu hawezi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Akikosa kitu, ataweka kipande cha muhogo. Nimeliona hilo tangu utoto. Kwa nini pale kwenye mahema nilisahau kwamba nao ni majirani?

Labda nilipenda kuwa mtoaji peke yangu. Labda nilipenda kushukuriwa.

Nilijiunga na kikundi nikitaka kuwa mtu mwema zaidi. Sasa sijui hata wema unaanzia wapi.

Jumamosi nataka kwenda na bakuli langu, niombe radhi, na akinipa ndagala nipokee kwa mikono miwili. Lakini Dada Klarisa akijua, atanitoa kikundini, na sijui nani atampelekea Odeta chakula.

Ninyi mnaosoma hapa, nijibuni kabla ya Jumamosi: mngekuwa mimi, mngeenda? Na Mama Odeta akifungua hema, nimwambie nini kwanza?