Ekai, Barafu Niliiona

Ekai mdogo wangu,

Nimetoka mlimani kwako mwezi uliopita. Vidole vya miguu bado vina ganzi, na hapa Lodwar jua linachoma hadi mbuzi wamejibana kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nilipaswa kulisema ungali hai, nikalimeza.

Siku ile nyumbani Kakuma, ulipokuja mara ya mwisho, wazee walitaka kujua ni kazi gani hiyo ya kuongoza wageni Mlima Kenya. Ukawaeleza kwamba huko juu maji yamekuwa mwamba, kwamba mnavaa meno ya chuma chini ya viatu na kufungana kamba ili mvuke, na kwamba ndani ya nyufa mwamba huo ni wa buluu. Walicheka. Mama alicheka kuliko wote, akasema ugenini umejifunza uongo. Ukanigeukia.

"Dada, wewe ni mwalimu wa jiografia. Waambie."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeichora barafu ya mlimani ubaoni. Nilijua kila neno lako ni kweli. Lakini nilikuwa na hasira nawe, kwa kuniachia Mama na mifugo miaka yote hiyo. Nikasema, "Mimi sijafika huko." Kisha nikacheka pamoja nao.

 Kesho yake ulikwenda zako. Ulinialika mara mbili baadaye, sikujibu. Ukaja kurudi ndani ya jeneza, homa ya mapafu ilipokumaliza kwa siku nne huko Nanyuki.

Muriithi, mwenzako wa kazi, ndiye aliyekuleta. Baada ya mazishi aliniambia kwamba kila mara shule zilipofungwa uliacha nafasi moja kwenye kundi lako, ukisema dada yako huenda akaja. Nilishindwa kumtazama. Nikamwomba anipandishe.

Tulitembea siku tatu. Kichwa kiliniuma, nilitapika, nikakaa juu ya jiwe nikitaka kurudi. Siku ya nne, jua likiwa limekwisha kutoka, tukafika kwenye barafu. Muriithi akanifunga kamba kiunoni.  Akaniambia nikanyage kwa nguvu, meno yaume. Katikati akasimama.

"Hapa ndipo Ekai alipokuwa akiwangoja waliochoka," alisema. "Hakuacha mtu nyuma."

Pembeni palikuwa na ufa. Nikachungulia. Buluu, Ekai, kama ulivyosema. Nilivua glavu nikaigusa mpaka mkono ukawaka. Tulipofika kileleni, wageni wengine wa kundi letu walipiga picha. Mimi nililia tu, Muriithi akaniacha nilie.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja Kakuma. Wazee walewale walikuwapo. Tulipomaliza kusalimiana, ejok kwa ejok, nikawaambia Ekai alisema kweli, na kwamba nililijua hilo siku ileile. Hakuna aliyecheka. Mama aliuliza kama huko ni baridi sana, na kama ulikuwa na koti zito. Nikamwambia ulikuwa nalo. 

"Ulijua," akasema, "ukaniacha nimcheke mtoto wangu?"

  Tangu siku hiyo ananipa chai nikienda, tunazungumza habari za mvua na mbuzi, lakini haniangalii usoni. Simlaumu.

Muriithi anasema barafu inapungua kila mwaka, na si muda mrefu patabaki mawe matupu. Kwa hiyo nakuahidi: shule zikifungwa tena nitawapeleka wanafunzi wangu wanne, wawili wasichana. Walimu wenzangu wanasema nina wazimu. Watavaa yale meno, watafungwa kamba, na hapo katikati nitawasimamisha niwaambie wewe ulikuwa nani. Nitawaambia na mimi nilifanya nini.

Pumzika, mdogo wangu. Nisamehe, kama huko kuna kusamehe.

Dada yako,
Akiru