Video ya Mama Bila Shangazi

Kaka Mlingoti,

Huku hatujambo, ila bomba la jikoni bado linavuja, na fundi bado anakuja kesho.

Video ya sherehe ya Mama kustaafu nimekukatia ikae wima, ijae kwenye simu yako. Na usirudie kusema kazi yangu ni kubonyeza vitufe tu! Picha pana ukiiminya, watu wote wanakuwa wembamba kama wewe. Ukiivuta iwe kubwa, sura zinafifia. Bahati nzuri nilirekodi kwa ubora mkubwa kuliko simu inavyohitaji, basi nimechukua kipande kimoja tu, nacho kinamfuata Mama kila anakokwenda. Hakuna kilichofifia.

Shida ni kilichobaki pembeni. Kwenye video yenyewe Shangazi habanduki kwa Mama, kamshika kiwiko, anamnong'oneza, "Ngazi hiyo, wifi. Nyingine tena." Mama ndiye aliyeniagiza: "Mtoe wifi yangu, na sauti yake ifunike kwa muziki. Kaka yako akijua, ataacha kazi arudi."

Nimemtoa. Utamwona Mama anashuka ngazi peke yake, kichwa juu, hadi mishono ya kitambaa chake inaonekana. Kazi safi, na sijawahi kuichukia kazi yangu namna hii.

Mimi nimeahidi kunyamaza, lakini wewe unanijua. Ukija likizo, usisimame mlangoni kimya ukitabasamu, ukingoja akurukie kama zamani. Sema kwanza kwamba ni wewe.

Mdogo wako,
Kidomodomo