Gari Lisilowaka kwa Kusukumwa

Mkiwa, Singida
19 Januari 1972
Asubuhi: mawingu mazito, manyunyu, upepo wa mashariki.

Mpendwa mdogo wangu Bonaventura,

Habari za Dar es Salaam na joto lake? Natumaini kifua hakikusumbui tena. Huku mama anakula vizuri, na mvua si haba. Mkeo Sara yuko hospitali ya misheni, amejifungua mtoto wa kike. Mtoto hajambo. Sara alipoteza damu nyingi, bado hawezi kuketi bila kushikwa.

Salamu zimeisha. Sasa nina hasira nawe.

Unakumbuka Agosti ulivyotukabidhi gari lako mbele ya mkutano wa kijiji. Gari dogo la mashindano, lililokupatia kikombe, ukaling'oa giaboksi yake na kulifungia hii inayobadili gea yenyewe. Uliwaeleza wazee kwa ufasaha: hakuna klachi, bali chombo kilichojaa mafuta, ndani yake pangaboi mbili zinazotazamana. Ya injini inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha ya pili, gari linakwenda. "Hata bibi ataendesha," ukasema. Tukapiga makofi. Tangu siku ile likawa gari la wagonjwa, na ng'ombe wa mkokoteni wakapelekwa kulima shamba la kijiji.

Dereva wetu Paulo alilalamika mapema. Injini ndogo vile nguvu zake huja ikizunguka kwa kasi, na mafuta yako yanazila kabla hazijafika kwenye magurudumu. Tukipakia watu watatu, mlimani linanguruma kama nyigu ndani ya chupa na kutambaa. Ukajibu akanyage zaidi.

Jumamosi uchungu ulimshika Sara. Tukampakia; betri imekufa. Hakuna aliyeogopa. Lori la ushirika tumelisukuma mara ngapi likawaka? Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Mughwai, akagonga chuma kuita watu, wanaume wakaja wakiimba.

"Tia gea ya pili, Paulo!"

"Nimetia, baba! Haishiki!"

"Basi toka, aingie bibi! Si tuliambiwa hata bibi ataendesha?"

Wakacheka. Wakalisukuma hadi darajani, wakaligeuza, wakalisukuma tena. Magurudumu yanazunguka, injini kimya. Sara akapiga ukelele mle ndani, kicheko kikakatika.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maelezo yako. Injini isipozunguka, mafuta yamelala, na mafuta yaliyolala hayasukumi kitu. Magurudumu hayana njia ya kuiamsha injini. Tungesukuma mpaka Manyoni, bure. Nikawaambia waache. Kijana wetu Simeoni akakimbia kuwafuata ng'ombe huko shambani, na sisi tukangoja.

Mwanao alizaliwa barabarani, juu ya mkokoteni, kwenye magunia matupu, mvua ikitunyeshea.

Wewe uliifunga giaboksi ile kwa mikono yako. Ulitusimulia uzuri wake wote, ukaacha jambo moja tu ambalo huku ndilo lenye maana, maana Dar gari likikukatalia unaita teksi. Sisi teksi yetu ni mabega ya watu, na gari lako halina habari na mabega.

Njoo kwa basi. Uje na giaboksi ya zamani na klachi yake, uifunge mbele ya hao waliosukuma. Ukishindwa, lichukue gari lako. Kamati imekwisha kuamua: ng'ombe wa mkokoteni hawatoki tena kijijini.

Lakini kwanza shukia hospitali. Sara hasemi habari za gari. Ameniuliza swali moja, kama ulijua. Utamjibu wewe.

Mama anakusalimu, na shangazi Magdalena, na mzee Mughwai, ambaye bega bado linamuuma. Mungu akufikishe salama kwa mkeo.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Theresia

20 Januari. Jana niliiacha barua hii wazi ili nipunguze makali. Niliisoma mara mbili, sikufuta neno. Nililala saa nane za usiku.