Roboti Zilizokwenda Harusini

Jumatatu, Bombolulu

Roboti zangu nne sinazo tangu Ijumaa. Hazikuibwa. Mwalimu mkuu, Bi Rukia, amemwazima dada yake azipeleke harusini Mtongwe zichezeshe watoto, kama anavyoazimaga masufuria ya shule.

Nilipomuuliza, akasema, "Si vidude vya kuchezea, mwanangu? Mbona wafura hivyo?"

Vidude! Nilizinunua mwenyewe, mojamoja, kwa kibarua cha kutengeneza simu.

Leo watoto wa chekechea wamepanga kadi zao za mishale, zile za kuiambia roboti iende wapi: mbele, mbele, kulia. Mmoja akauliza, "Sasa nani atatembea, ticha?" Nikatembea mimi. Nikagonga ukuta, wakacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi wazazi waja kutazama, na wasiporidhika darasa langu la roboti linafungwa.

Jioni hii nimemwandikia ujumbe: Bi Rukia, kesho kabla ya kengele ya saa mbili unijibu waziwazi: roboti zangu zarudi lini?