Wageni wa Kwenye Chupa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti? Na paa la jikoni limestahimili mvua? Mimi mzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu shehe atataka kuona mkono wangu. Kwa nini, utaona huko chini, ila usikasirike kabla hujafika.

Uliniuliza huku Msumbiji nafanya kazi gani hasa. Nachota maji mto unapoingia baharini, katikati ya mikoko, nayachuja kwa wavu laini kama shela ya bibi harusi. Kinachobaki ni wadudu wadogo kuliko chawa. Kamba na samaki wachanga wanaishi kwa kuwala hao. Daktari wetu, yule mama wa Kibaha aliyenitoa kwenye bodaboda, anatafuta wao wenyewe wanakula nini: majani ya mikoko yanayooza, au ule ukijani unaoota majini. Mimi sijasomea, ila nachungulia sana. Majani yanaanguka kutwa, wala siwaoni wakiyakimbilia. Nadhani wanaishi kama sisi kijijini kwetu Masaki: mikorosho pande zote, chakula muhogo.

Sasa kosa langu. Wadudu wakishavuliwa hukaa saa nyingi kwenye chupa za maji matupu, watoe kilichomo tumboni, ndipo wapimwe. Juzi mchana niliachwa nizilinde peke yangu. Kireno changu kinaishia kwenye kuomba chumvi, kwa hiyo hao ndio wenzangu wa kuzungumza. Kuwatazama na njaa yao kulinishinda. Nikawanyunyizia unga wa muhogo, ule ulionifungia wewe, kidogo kila chupa.

Daktari aliporudi akainua chupa kwenye mwanga.

"Shabani, maji yana nini?"

"Unga, Daktari. Kwetu mgeni hashindi na njaa."

"Hawa si wageni, ni sampuli! Umenirudisha nyuma mwezi mzima." Akaichungulia tena. "Wameula?"

"Sikuona."

"Basi hata shukrani hukupata."

Hakunifukuza. Ila tunasubiri bamvua nyingine, maji yajae sana, tuanze upya, na ndoa ya Mwajuma itanikuta huku. Mimi niliyeapa kwamba, maadamu baba hayupo, nitasimama walii wake. Mwonyesheni shehe maneno haya: Mimi Shabani, kaka wa Mwajuma kwa baba na mama, nampa uwakili baba mdogo Ramadhani amwozeshe dada yangu kwa niaba yangu, kwa ridhaa yake Mwajuma.

Mwandiko umepinda hapo. Asidhani ni wa mtu mwingine.

Nisalimie bibi, na baba mdogo, avae ile kanzu yangu, itamfika magotini lakini avae. Mwajuma mwambie asinisamehe haraka, nitaona hakunihitaji.

Siku ya ndoa ni zamu yangu ya kulinda chupa. Mkianza kupakua pilau, mjue nipo na wenzangu. Safari hii siwalishi. Nitafunga nao.

Mwanao,
Shabani