Mito Bado Imesimamisha Masikio

12 Juni

Kwa Mama Mshauri, ukurasa wa Jumamosi

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba unisaidie katika jambo ambalo nikimweleza mtu mzima mwenzangu atanicheka, maana ni habari ya mito ya kitandani, na si ile ya kulalia bali ya mapambo. Mimi ni fundi wa friji, nina karakana ndogo mbele ya nyumba, na mke wangu alikuwa mtandika vitanda katika nyumba ya wageni, na huko ndiko alikotoa mtindo wa kupanga mito, mikubwa nyuma imeegemea ubao, ya kati mbele yake, na ule mdogo wa duara mbele kabisa kama mtoto anayepigwa picha na ukoo, halafu ile yenye pembe anaipiga mmoja mmoja kwenye ukingo wa juu kwa upande wa kiganja, pa, mto unabonyea katikati na kusimamisha masikio mawili kama paka.

Usiku mimi ndiye niliyekuwa nikiishusha na kuirundika kwenye kiti, na sikuishusha bila kunung'unika, nikimuuliza hii mito ni ya wageni gani ambao hawafiki, naye ananijibu, "Bwana Barafu, wewe hangaika na friji zako, kitanda niachie mimi." Ndivyo alivyoniita, kwa sababu mikono yangu huwa baridi nikitoka kazini.

Mwaka jana, asubuhi moja, alitandika, akaipiga mito yake, akaenda kazini, na mchana nikapigiwa simu kutoka hospitali, nilipofika alikuwa ameshafariki. Niliporudi nilitoa nguo zangu chumbani, nikafunga mlango kabla waombolezaji hawajajaa, ufunguo nikautundika kwenye msumari jikoni, na tangu hapo nalala kwenye kochi sebuleni. Kila asubuhi nafungua, nasimama kizingitini, siingii, naitazama mito, nafunga, naenda karakana. Nikwambie kweli, Mama, yale masikio hayajalala, pigo la mkono wake liko palepale, na hata vumbi silioni, mpaka huwa nashangaa.

Sasa binti yetu, ambaye alianza kutandika na mama yake tangu kichwa chake kikiwa usawa wa godoro, na ambaye baada ya msiba alikuwa akija kila mwisho wa wiki kunifulia na kunipikia, amehamia kwangu na mtoto mchanga kwa kuwa mumewe amepata kazi ya mbali, na nyumba yangu ni chumba na sebule tu, kwa hiyo wanalala kwenye godoro sakafuni, karibu na kochi langu, na sakafu ni ya saruji. Juzi alfajiri mtoto alikohoa sana, binti akamwinua begani, akaniambia, "Baba, huyu mkeo mdogo analala chini. Mkeo mkubwa angekuwepo, angekufukuza wewe kwanza."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia, "Nivumilie kidogo, mwanangu, ile mito mama yako aliipanga kwa mkono wake." Akanitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akasema tu, "Haya, Baba." Jioni akanieleza kwamba mwezi ukiisha atakwenda kwa mama mkwe wake, huko kuna kitanda.

Sitaki waondoke. Lakini nikiishusha ile mito sitaweza kuirudisha kama alivyoiacha, nimejaribu kuupiga mto wa kochi ukatokea kama mkate uliokaliwa. Je, niwawekee kitanda kwenye karakana, au nifanyeje? Najua barua zako ni nyingi. Ukipata nafasi, unikumbuke.

Bwana Barafu

*

Bwana Barafu,

Pole sana kwa kufiwa. Pole hiyo imetoka moyoni, ishike vizuri, kwa sababu sasa nitakukaripia.

Nilipomaliza barua yako nilichukua mto wa kochi la ofisini nikaupiga kama ulivyoeleza, pa. Masikio yakasimama. Wakati wa chai yalikuwa yameshalegea. Wa nyumbani kwangu, ambao ni mzuri zaidi, ulijitahidi siku chache nao ukasalimu amri. Wewe unaniambia yako imesimama tangu mwaka jana? Wewe ni fundi, bwana. Ukikuta friji uliyoichomoa mwenyewe inaendelea kugandisha maji, utasimama mlangoni ushangae, au utauliza nani kaichomeka?

Na vumbi je? Chumba kilichofungwa hakijifuti chenyewe. Kuna mtu anaingia humo. Nani anaujua msumari wa jikoni? Nani alikuwa akija kila mwisho wa wiki? Nani alijifunza kutandika akiwa usawa wa godoro?

Simjui binti yako na naweza kukosea, lakini sidhani. Huyo mwanamke anaingia chumbani ukiwa karakana, anafuta vumbi, anaipiga mito upya ili wewe ukifungua mlango umkute mama yake, halafu anarudi kumlaza mtoto kwenye saruji. Lile neno alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa hilo. Alilimeza ili usiumie. Na katika barua yako yote, ndefu hivyo, hukuandika hata mahali pamoja kwamba naye kafiwa na mama.

Habari ya kitanda kwenye karakana sitaki kuisikia tena. Unataka mjukuu alale katikati ya mitungi ya gesi?

Fanya hivi, tena leo. Usimhoji binti, usimwambie umemgundua, usimlize. Toa ufunguo kwenye msumari, umpe mkononi, umwambie chumba ni chao. Kisha uingie wewe mwenyewe ukaishushe ile mito uirundike kwenye kiti. Hiyo ni kazi yako ya siku zote, hakuna aliyekufukuza. Na ukiweza kunung'unika kidogo, nung'unika, atakusikia na ataijua sauti hiyo. Mtoto alale kitandani leo leo.

Unaogopa kwamba mito ikishushwa haitarudi. Imeshashushwa, baba, na imesharudi, mara nyingi kuliko unavyojua, na wewe hukuona tofauti. Mkono aliouacha mkeo uko ndani ya nyumba, unapika na kubeba mtoto. Usiuache uende kwa mama mkwe.

Kesho binti akitandika, vuka hicho kizingiti. Mwombe akufundishe pigo. Utakosea, atakucheka, mwache acheke, amekaa muda mrefu bila kucheka katika nyumba hiyo. Siku mto wako wa kwanza utakaposimamisha masikio, mtajeni kwa sauti aliyewafundisha.

Mkishamaliza kumkumbuka yeye, mnikumbuke na mimi.

Mama Mshauri