Msalaba Kifuani kwa Thadei

Kijiji cha Mamba, Jumamosi alasiri

Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Thadei amelala mkekani, uchi, kwa sababu ya joto, na mimi nina shati lake jeupe magotini. Nashona kifungo ambacho hakijalegea.

Mikono inatafuta kazi tu. Kesho mwanangu anabatizwa, na mimi naogopa kama mtu aliyeiba.

Yalianza wiki iliyopita. Nilikwenda bondeni kupandikiza mpunga. Thadei alikuwa na homa, lakini nilikuwa nimeshamsagia klorokwini nikamnywesha, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka, basi nikamwacha kwa mama mkwe. Deo, mume wangu, alisema anakwenda kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Yeye ndiye katekista wetu hapa. Kijiji kizima kinamwita Mwalimu.

Niliporudi, miguu yangu bado ina tope, nilimkuta mtoto amelala na kifua kimepakwa dawa nyeusi. Nikaifuta kidogo kwa pindo la khanga. Chini yake nikaona chale. Mbichi kabisa, na zimepangwa zikafanya msalaba.

Mama mkwe hakuficha. Alisema degedege lilimshika mtoto, akakakamaa, akamwita jirani mmoja mzee anayejua kazi ya wembe.

"Nikamwambia achanje msalaba, mwanangu. Padri atakataa msalaba?"

Alisema kwa fahari kweli. Huyu ni mama ambaye rozari haimtoki shingoni hata akitwanga mahindi. Aliona amemaliza kila kitu kwa wembe mmoja: dawa itashughulika na degedege, msalaba utashughulika na Padri. Ningecheka kama asingekuwa mwanangu.

Kisha akanishika mkono, akauminya. "Mume wako hajui. Usimwambie. Nimefanya mimi peke yangu."

Nikamvalisha mtoto shati, nikafunga vifungo.

Nilinyamaza kwa sababu namjua Deo. Pasaka iliyopita Padri alipokuja kubatiza, Deo ndiye aliyemwambia kwamba mtoto wa Mama Leokadia ana chale mpya mgongoni. Mtoto akarudishwa mbele ya watu wote, na mama yake akazuiwa komunyo. Mpaka leo mtoto hajabatizwa. Tangu tuhamie kijijini na nyumba zikapangwa mistari, mlango wa Mama Leokadia unatazamana na wangu. Asubuhi tunafagia kila mtu kwake, na salamu hakuna.

Siku ile nilimwona Deo ameonea. Sikumwambia. Nilijisemea kuwa mambo ya kanisa ni yake, ya jikoni ni yangu.

Basi tangu hapo namficha mtoto. Namwogesha Deo akiwa ametoka. Akirudi, Thadei ameshavaa. Usiku namlaza upande wa ukutani. Kila Deo anaponyoosha mikono kumbeba nawahi kumchukua mimi, na nimeanza kumkwepa mume wangu mwenyewe ndani ya vyumba viwili.

Jumapili iliyofuata Padri hakuwepo, Deo akaongoza ibada. Akachagua kusema juu ya chale. Akasema mwili ni hekalu, akasema Agano la Kale limekataza, akasema anayempeleka mtoto kwenye wembe amemwambia Mungu kwamba hamwamini. Sauti ilikuwa inamtetemeka. Nilidhani ni hasira. Nilikaa upande wa wanawake, Thadei mgongoni, nikahisi kile kifua kidogo kimebanana na uti wa mgongo wangu.

Wanawake wakavuta khanga mbele. Wengi wetu hapa tunazo chale. Mimi ninazo pembeni mwa macho, bibi yangu alinichanja kule kwetu Kasekese kabla sijajua kutembea, ili nipendeze na nisiugue macho. Nilibatizwa nazo. Padri wa zamani alisema zilizotangulia ubatizo zimeoshwa pamoja na mengine. Kwa hiyo uso wangu umesamehewa, na kifua cha mwanangu hakijasamehewa, kwa sababu mimi nilipaswa kujua.

Je, najua? Nimekuwa nikijiuliza jambo hili mpaka kichwa kinauma. Mama mkwe ana hoja yake. Juzi aliniambia, "Serikali ilipoleta chanjo ya ndui, nani hakuchanjwa? Na Padri mwenyewe ana kovu begani, nimeliona siku alipokunja mikono ya shati achimbe msingi wa kanisa. Wembe wa serikali ni dawa, wa kwetu ni shetani?"

Nilimwambia hatuweki mizimu kwenye chanjo ya ndui. Akaniuliza kama kwenye msalaba ule nimeona mzimu.

Niseme ukweli, maana katika daftari hili sina wa kumwogopa. Thadei hajashikwa tena na degedege. Sijui kama ni klorokwini, au sala, au ile dawa nyeusi, na ninaogopa kujua. Nikimwona anacheka nafurahi, kisha najilaumu kwa kufurahi. Ningekuwepo siku ile, macho yake yamegeuka yakawa meupe, ningeukataa ule wembe? Naandika "ningeukataa" kisha nautazama mkono wangu.

Jambo lililoninyima usingizi ni mafuta. Anayekaa nyuma kanisani hulisahau, lakini mke wa katekista hawezi. Kabla ya maji, Padri humpaka mtoto mafuta matakatifu kifuani. Hufungua shati mwenyewe, kwa vidole vyake. Na anayesimama karibu naye ameshika chupa ya mafuta ni Deo.

Hakuna shati la kuficha hapo.

Sasa niandike ya leo, na kalamu inateleza kwa jasho. Mchana nilikuwa nalipiga pasi shati hili, makaa yamekolea, Deo akaingia akasimama mlangoni.

"Kesho mvalishe fulana ndani," akasema. "Na ufunge vifungo vyote. Asipate baridi."

Baridi! Katika joto hili ambalo hata kuku wamelala wameachama midomo. Nikaweka pasi chini. Nikamtazama, naye akautazama ukuta. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu wiki iliyopita sijamwona hata mara moja akimvua mtoto nguo, yeye aliyekuwa akimtambia kila mgeni kwa kumwonyesha tumbo. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa namficha.

"Baba Thadei, unajua?"

Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Sikufika kigangoni siku ile," akasema. "Mama aliniita njiani, nikarudi. Mtoto alikuwa amekakamaa, Mama Thadei. Hapumui. Mimi ndiye niliyemshika miguu achanjwe."

Alimshika miguu. Kisha Jumapili akasimama mbele yetu akatuhubiria.

Sijawahi kumpandishia mume wangu sauti. Leo nilimpandishia, na Mama Leokadia kama alikuwa kwake alisikia kila neno. Nilimwambia nimekuwa nikitetemeka ndani ya nyumba yangu mwenyewe kwa ajili yake. Nilimwambia nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitafunga mzigo gani nikirudishwa Kasekese. Yeye alikuwa anasema, "Polepole, polepole, mtoto ataamka."

Nikamuuliza kesho atamwambia nini Padri. Akasema mama yake ameshakubali kubeba. Atasimama aseme ni yeye peke yake, wazazi hawakujua, na mtoto atabatizwa, na yeye Deo atabaki na kazi yake.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele. Akasikia, akasema bila kuinua kichwa: "Mimi ni mzee, mwanangu. Komunyo nimekula ya kutosha."

Hapo ndipo nililia. Hasira ilinitoka yote ikabaki aibu. Mama ambaye hutembea na jua lote ili asikose Misa, azuiwe meza ya Bwana kwa ajili ya miguu aliyoishika mwanawe.

Nilimwambia Deo hivi, na nayaandika ili kesho nisije nikajidanganya kwamba sikuyasema. Padri akifika, kabla hajavaa mavazi ya Misa, umfuate umwambie mwenyewe. Usipomwambia, mimi nitakuja mbele na mtoto shati likiwa wazi, na nitasema nani alishika miguu. Wakituzuia, tutazuiwa wote watatu. Wakikuvua ukatekista, utalima mpunga kama wenzako.

Akauliza, "Na Thadei asipobatizwa?"

Akishikwa tena na degedege kabla hajapata maji, nitamtazamaje Mungu, na nitamtazamaje Deo? Hofu hii iko palepale kifuani, haijapungua hata kidogo. Ila nimechoka kuificha.

Deo alivaa kofia yake akatoka. Nilidhani anakwenda kigangoni kusali, au kwa rafiki yake kunilalamikia.

Nimechungulia dirishani. Hajafika mbali. Amevuka njia, amesimama mbele ya mlango wa Mama Leokadia, na kofia ameivua ameishika mkononi.

Amepiga hodi. Hakuna aliyeitika.

Nimekata uzi. Fulana nimeirudisha sandukuni, na shati nimelitandika kitandani bila kufunga kifungo hata kimoja. Mama mkwe ameacha kupepeta, naye anatazama ng'ambo.

Mlango bado umefungwa. Deo amepiga hodi tena.